Upande wa Pili wa Postikadi

Postikadi ni karatasi ngumu yenye nyuso mbili. Uso mmoja una picha; uso wa pili una stempu, anwani na nafasi ndogo ya maneno. Watu wengi huinunua kwa ajili ya uso wa kwanza, wakaujaza uso wa pili salamu ambazo hata kasuku angaliweza kufundishwa. Mimi nashika kinyume chao. Nasema kwamba picha ni ganda na maneno ndiyo kiini, na kwamba kijana wa Kenya apelekaye postikadi kwa mtu asiyemjua, kisha akaiachia picha kazi ya kusema, ameitupa stempu yake bure. Haya ndiyo madai yangu, msomaji, nami nakusihi uyapime kabla ya kuyakubali au kuyakataa.

Yamkini hujapata kusikia habari za uraibu wa kubadilishana postikadi na wageni wa mbali. Watu wameufanya kwa njia nyingi tangu zamani, lakini njia iliyoenea siku hizi ilianzishwa Julai 2005 na kijana mmoja Mreno, Paulo Magalhães, akaipa jina la Postcrossing. Utaratibu wake ni mwepesi. Mtu hujiandikisha katika intaneti, akapewa kwa kura anwani ya mtu mmoja, pamoja na namba ya kuandika juu ya kadi. Mpokeaji akiipata kadi huiandikisha ile namba, na hapo mpelekaji huingia katika zamu ya kupokea. Walakini haletewi kadi na yule aliyemwandikia, bali na mtu wa tatu, pengine wa nchi nyingine kabisa. Mwezi wa Aprili 2008 kadi zilizofika kwa njia hiyo zilitimia milioni 1. Mwaka 2019 zilikuwa zimefika milioni 50.

Tazama jinsi mpango huu ulivyo kinyume cha biashara. Unampa mtu asiyekupa, nawe unapewa na mtu usiyempa. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Hapa watu wa mataifa mengi wameifanya hekima hiyo kuwa kanuni ya mchezo. Mchezo wenye kanuni kama hiyo haustahili kudharauliwa, hata kama chombo chake ni kipande cha karatasi.

Tena kipande hicho kilizaliwa na mwalimu. Mwaka 1865 ofisa wa posta wa Prussia, Heinrich von Stephan, alitoa shauri kwamba watu waruhusiwe kupeleka karatasi iliyo wazi, isiyo na bahasha, lakini shauri lake halikukubaliwa. Januari 1869 Emanuel Herrmann, mwalimu wa elimu ya uchumi katika chuo cha kijeshi cha Wiener Neustadt, alilitoa shauri kama hilo gazetini. Alisema kwamba barua nyingi zina neno moja tu la maana, na lililobaki ni adabu za kufungulia na za kufungia. Serikali ya Austria-Hungaria ilisikia, na tarehe 1 Oktoba 1869 postikadi ya kwanza ikauzwa. Haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maneno matupu, na katika miezi 3 ya kwanza ziliuzwa karibu milioni 3. Kumbuka jambo hili, maana nitalirudia: postikadi ilianza kuwa maneno kabla ya kuwa picha.

Miaka mitano baadaye, tarehe 9 Oktoba 1874, wajumbe wa nchi 22 walitia sahihi mkataba katika mji wa Bern, na katika kuuandaa mkataba huo yule Stephan alikuwa na mkono mkubwa. Walipatana kwamba kwa ajili ya barua nchi zao zihesabiwe kuwa nchi moja. Basi uonapo kadi imetoka Mombasa ikafika Helsinki kwa stempu ya Kenya peke yake, wala mpokeaji hadaiwi kitu, usidhani ni jambo la kawaida. Mapatano ya Bern ndiyo yaliyoichukua.

Sasa niwasikilize wapinzani, maana mtu hashindi shauri kwa kuwaziba wenziwe vinywa.

Wa kwanza ni yule asemaye kwamba uraibu huu ni upotevu wa fedha na wa wakati. Simu, asema, hufikisha salamu Brazil kabla hujafumba mdomo. Kwa nini tungoje kadi majuma kadhaa? Tena posta yenyewe inakufa. Nakubali kwamba posta si ile ya zamani. Tarehe 30 Desemba 2025 shirika la posta la Denmark lilimaliza kazi yake ya kupeleka barua, kazi iliyoanza mwaka 1624, na kampuni nyingine ikaachiwa barua zilizobaki. Humu mwetu nako yako masanduku ya posta ambayo wenyewe hawayafungui kwa miezi mingi. Lakini hoja hiyo yathibitisha neno moja tu, kwamba postikadi ni ya polepole. Ni nani aliyesema kwamba ni ya haraka? Hatumwambii mkulima aache kupanda mwembe kwa sababu sukumawiki huota upesi.

Iko tofauti kubwa kuliko ya mwendo. Simu hukukutanisha na watu unaowajua, au na wale wanaopenda upendavyo na kuchukia uchukiavyo. Kura ya postikadi haikuulizi unapenda nini. Leo yaweza kukupa mzee mstaafu wa Japani, kesho mkunga wa Ujerumani, kesho kutwa mtoto wa shule wa Taiwan, nawe huna budi kutafuta neno la kumwambia kila mmoja. Isitoshe, simu ina nafasi isiyo na mwisho, na penye nafasi isiyo na mwisho maneno huwa kama maji ya mafuriko: ni mengi, lakini hayanyweki. Postikadi ina nafasi ya sentensi saba au nane. Ukiisha kuandika kwa wino hufuti. Yakupasa ufikiri kwanza, ndipo uandike. Mwalimu gani wa lugha atakayelalamika juu ya jambo hilo?

Ama kuhusu fedha, sitaki kumdanganya mtu. Stempu ya ng'ambo haitolewi bure, na ziko nyumba ambamo bei yake ni sehemu ya chakula cha jioni. Mwanafunzi wa nyumba hiyo asinunue stempu. Lakini darasa zima laweza kuchanga, likapeleka kadi moja kwa muhula, na wanafunzi wakabishana kutwa nzima juu ya maneno ya kuiandika. Naam, ubishi huo utawafunza utungaji kuliko insha nyingi zinazoandikwa kwa ajili ya alama tu. Na ukiona kwamba stempu ni ghali, basi umenisaidia katika hoja yangu, kwa kuwa mtu mwenye stempu moja tu ndiye asiyepaswa kuipoteza kwa maneno ya kasuku.

Mpinzani wa pili hunijia kwa wasiwasi, naye namheshimu kuliko wa kwanza. Asema kwamba ni hatari kwa kijana kumwandikia mtu asiyemjua. Maneno yake ni ya kweli, lakini hayaipati postikadi kama yanavyovipata vyombo vingine. Zamani wako waliolalamika kwamba postikadi haina siri, kwamba kila mtumishi wa posta ataisoma. Leo kasoro hiyo imegeuka kuwa ngao. Kadi yako itasomwa na karani, na mwalimu, na mzazi, na ndugu zako wote. Mwenye nia mbaya hapendi barazani, hupenda gizani. Tumia sanduku la posta la shule, wala si la nyumbani. Usiandike namba ya simu, wala usipeleke picha yako. Mwalimu wako na mzazi wako wajue unachofanya, na kujiandikisha kufanywe mbele yao. Ukishika hayo, utakuwa salama zaidi kuliko wengi wanaokesha na simu chini ya blanketi.

Nimewajibu hao wawili ili nifike penye kiini cha neno langu. Mpinzani wangu mkubwa si yule aikataaye postikadi. Ni yule aipendaye, akainunua, akaipeleka, na hana alilolisema.

Postikadi za picha za pwani yetu ni za zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapiga picha wa Unguja, miongoni mwao A. C. Gomes na Pereira de Lord, walitoa kadi zenye majumba ya mawe, bandari, masoko na watu. Wanawake waliovaa kanga, wapagazi, wavuvi, wachuuzi: wote walisimama mbele ya kamera. Chini ya picha aghalabu paliandikwa kabila au kazi, wala jina la mtu halikuandikwa. Kadi hizo zilinunuliwa na maofisa na wasafiri waliopita kwa meli, wakaandika juu yake habari za safari zao wenyewe.

Na ile nafasi ya kuandika nayo ina historia yake. Kwanza sheria za posta ziliutenga upande wa pili kwa anwani peke yake, na mwenye salamu alizibananisha pembeni mwa picha. Mwaka 1902 Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe kwa mstari, nusu ya anwani na nusu ya maneno. Marekani ikafuata mwaka 1907. Watu wakaandika kama waliofunguliwa vinywa. Katika mwaka uliokwisha tarehe 30 Juni 1908, Marekani peke yake ilipeleka postikadi zaidi ya milioni 677. Wengi walipata nafasi ya kusema, lakini yule mama wa Unguja aliyekuwamo pichani hakuipata. Alisafiri kwenda Ulaya bila jina, na upande wa pili wa picha yake ulisemwa na mtu mwingine.

Je, mambo yamebadilika? Ingia leo katika duka la kumbukumbu za watalii, Nairobi au Mombasa, uzungushe kile kibao cha postikadi. Utamwona simba, na tembo, na twiga mbele ya jua linalotua. Utaona mlima wa Kilimanjaro juu ya mbuga ya Amboseli. Utamwona kijana wa Kimaasai akiruka, naye hana jina hata leo. Simba si uongo. Yumo nchini, tena yumo hata katika mbuga iliyo ubavuni mwa Nairobi. Lakini kweli moja ikisemwa peke yake kwa miaka 100 na zaidi hufunika kweli nyingine zote. Mgeni akiulizwa Kenya ni nini, atajibu kwa kile alichoonyeshwa. Tutamlaumuje?

La ajabu ni kwamba sisi tuliopata kalamu tumeendelea kunyamaza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hununua kadi ya simba, akaandika: "Jambo kutoka Kenya! Nchi yetu ni nzuri. Tuna wanyama wengi. Karibu sana. Hakuna matata." Nauliza: katika maneno hayo yumo mwanafunzi? Umo mji wake, nyumba yake, taabu yake, kicheko chake? Hata salamu yenyewe si yake. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili hamwamkii mtu kwa "jambo" tupu. Husema "hujambo", akajibiwa "sijambo", na kwa mkubwa wake husema "shikamoo". "Jambo" la mkato ni neno la kuwarahisishia wapitaji. Kijana huyo ameazima maneno yaliyotungwa kwa ajili ya watalii, akayapeleka ng'ambo kana kwamba ni sauti yake.

Utanijibu: "Mwalimu, wageni wanamtaka simba." Vema, mpe simba wake. Sikukatazi kununua picha iliyopo dukani; mara nyingi hakuna nyingine. Lakini geuza kadi, ukaseme. Mathalan mwanafunzi wa Lamu aweza kuandika hivi: "Simba huyu sijamwona kwa macho. Mimi nakaa mji wenye vichochoro vyembamba, na mizigo yetu huchukuliwa na punda. Mlio wa punda wa jirani huniamsha alfajiri, nami humchukia mpaka siku ya kubeba maji. Kwenu mizigo huchukuliwa na nini?" Hayo ni maneno machache kuliko vidole vya watu watano, lakini aliyeyasoma amekutana na mtu. Mwenziwe wa Mwea aandike jinsi ndege wanavyofukuzwa katika mashamba ya mpunga. Wa Tabaka aandike jinsi vumbi la jiwe la sabuni linavyoshika nguo za wachongaji. Wa Kericho aandike harufu ya kiwanda cha chai asubuhi ya mvua. Wa Eastleigh aandike idadi ya lugha anazozisikia tangu mlangoni kwao hadi kituo cha matatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kusifu nchi. Kila mmoja amesema anachokijua, na hiyo ndiyo sifa ya kutosha.

Najua kwamba kadi nyingi za uraibu huu huandikwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wengi wa wapokeaji wanaielewa. Andika Kiingereza, lakini weka sentensi moja ya Kiswahili iliyo kamili, na chini yake maana yake. Iwe sentensi ambayo bibi yako angeweza kuitamka bila kucheka. Watu wa nchi nyingine hufanya hivyo kwa lugha zao, wala hawaoni haya.

Liko jambo jingine ambalo sina budi kulisema wazi, ingawa ni chungu. Tangu siku za marafiki wa kalamu wako vijana walioanza barua kwa salamu wakamaliza kwa maombi: niletee viatu, niletee saa, nisaidie karo. Sisemi kwamba shida zao zilikuwa za uongo. Shida ipo, na mwenye shida ana haki ya kuomba kwa ndugu, kwa jirani na kwa serikali yake. Lakini mgeni aliyekuandikia hakuja kununua huruma, na wewe hukutoka kuiuza. Ukimwomba, umemrudishia ile picha ya zamani ya mtu asiye na jina, na safari hii mpiga picha ni wewe mwenyewe. Mchezo huu ulikupa nafasi adimu ya kusimama sawa na mtu wa Uholanzi au wa Korea: kadi yake moja, kadi yako moja, stempu yake, stempu yako. Usawa huo una thamani kuliko jozi ya viatu. Usiuuze.

Na kipimo ninachokuwekea wewe, wawekee na wao. Kadi ikija kutoka Ufini, usikimbilie kutazama theluji tu. Soma kile mtu huyo alichokiandika juu ya kazi yake, au juu ya mbwa wake mgonjwa, au juu ya ziwa alilojifunzia kuogelea. Yeye naye ana picha za dukani zinazomsemea. Yeye naye anajaribu kuonekana nyuma yake. Mtu anayedai asomwe ni lazima asome.

Tusijidanganye kwamba postikadi za wanafunzi zitaondoa ujinga wa ulimwengu. Hazitaondoa. Kibao cha dukani kina maelfu, nawe una moja. Lakini jibu la uongo uliorudiwa mara nyingi si kunyamaza, na wala si makelele. Ni ushahidi wa mtu mmoja anayesema alichokiona. Kadi hiyo itakaa juu ya meza ya chakula katika nyumba usiyoijua. Watoto wa nyumba hiyo wataishika. Siku moja mmoja wao atamsikia mtu akisema kwamba Wakenya wote huishi hivi au vile, naye atakumbuka punda wa Lamu, akasema, "Si wote." Maneno hayo mawili yatakuwa yametosha kulipa stempu.

Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Kama barua ndefu ni nusu, labda postikadi ni robo. Robo hiyo ni ndogo, lakini iwe yako. Tarehe 1 Oktoba, siku ile postikadi ilipozaliwa, sasa huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Postikadi Duniani. Huna haja ya kuingoja. Nenda kwa mwalimu wako, ukamwombe namba ya sanduku la shule. Nunua kadi ya simba, ikiwa hakuna nyingine. Kisha igeuze, na kabla ya kuandika neno lolote jiulize: ni jambo gani ninalolijua mimi, ambalo mpiga picha huyu hakuliona? Andika hilo.